Barabara Imekwisha

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi ziwafikie wewe, shemeji na watoto wote, wakubwa kwa wadogo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba goti la shemeji limepoa, au angalau ameacha kulisingizia kila anapotumwa dukani. Mimi huku sijambo. Nakula, nalala, na kitambi kimeanza kunitangulia, jambo ambalo kwa mtu mfupi kama mimi si la kujivunia.

Barua yako niliipokea wiki tatu zilizopita. Nisamehe kwa kuchelewa. Umeniuliza mawili: lini nitakuja kumchukua mwanangu Kidoti sasa kwa kuwa nimetulia mjini, na tumfanyeje na huo uongo alioanza kuuzoea. Nimeanza kukujibu mara nne, na mara zote nne nikaichana karatasi. Leo ni siku yangu ya mapumziko, mlango nimeufunga, na sinyanyuki hapa mpaka nimalize. Ila unanijua, sijambo kwa kuzunguka. Acha kwanza nikueleze ninavyoishi.

Nimepanga chumba ghorofa ya pili. Kina dirisha moja kubwa linaloangalia karakana ya seremala, kwa hiyo mchana kutwa nasikia msumeno na harufu ya mbao inaingia hadi kwenye chai. Bomba lipo mwisho wa ujia na maji yanatoka kila siku. Hilo peke yake lilinishinda kuamini. Mwezi wa kwanza nilijaza madumu sita nikayapanga ukutani, mpaka jirani mmoja akaja kuniuliza dumu moja ninauzaje.

Lakini kichekesho kikubwa kilikuwa godoro. Miaka saba nimewapikia wajenzi wa barabara, na nilishakusimulia maisha ya kambi: mnahama kila baada ya miezi miwili mitatu, na anayechelewa kufungasha anafungashiwa na wenzake, tena vibaya. Basi hapa nikawa kila asubuhi nikiamka nakunja godoro, nalifunga kamba, napanga sufuria moja ndani ya nyingine, narudisha nguo begini na begi naliweka mlangoni. Sikuwa hata najijua. Mama mwenye nyumba alipita siku ya kwanza akanyamaza, siku ya pili akakohoa, siku ya tatu akabisha hodi. Akaniuliza, kwa upole wa mtu aliyekwisha udhika, ni nini kilichonichukiza ndani ya nyumba yake, maana tangu nihamie sijaacha kuhama. Nilipomweleza alicheka hadi akalikalia godoro lenyewe, kamba na yote. Kisha akaniamuru, kama unavyoniamuru wewe, nishuke chini kwa seremala nikaagize kitanda, kwa sababu mtu mwenye kitanda hawezi kukikunja.

Majirani wengine nilijuana nao kwa njia ya sufuria. Jumapili ya kwanza niliamua kujipikia wali na maharage, nijikaribishe mjini. Dada, mkono wangu haujui kipimo cha mtu mmoja. Nilichota mchele kama nilivyozoea, nikajiona nimepunguza sana, na nilipofunua nikakuta wali wa kuwashibisha wanaume kumi na tano waliotoka kushika sururu. Ikabidi nizunguke na sahani, mlango hadi mlango. Fundi cherehani wa chumba cha mkabala, mjane mwenye ulimi usio na breki, alinirudishia sahani imeoshwa vizuri, akasema chakula kilikuwa kitamu, ila angependa kujua msiba ulikuwa wa nani.

Kazi nimepata jikoni hospitalini, na naipenda. Kambini nilipika chakula kimoja kwa wote, na aliyelalamika alikaribishwa aje apike yeye. Hapa kila kitanda kina karatasi yake. Huyu hali chumvi, huyu hatafuni, huyu sukari ni sumu kwake. Muuguzi wa lishe, mwanamke mwembamba asiye na masihara hata kidogo, alinisimamia wiki mbili nzima na kunirudishia masinia kama mwalimu anayerudisha daftari. Sasa hanisimamii tena. Najua uji wa kitanda cha tatu na mchuzi wa kitanda cha kumi na moja bila kuangalia karatasi.

Kitanda cha tisa alikuwapo mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekuwa akisusa chakula. Nilikuwa nampelekea mwenyewe na kukaa naye mpaka amalize. Siku moja katikati ya uji akaniuliza kama nina watoto. Nikamwambia ninaye mmoja, wa kike, ana miaka minane. Akaniuliza anapenda kula nini. Swali jepesi, dada, tena kwa mpishi. Nikaanza kukoroga uji uliokuwa umekwisha korogwa. Najua wanachokula watu thelathini na wawili nisiowafahamu majina, na cha mwanangu sikijui. Mzee aliona, akageukia uji wake. Nilirudi jikoni nikajifanya nakata vitunguu.

Jioni ile ndipo nilipokwenda kwa seremala. Nilikwenda kuagiza kitanda kimoja, nikajisikia naagiza viwili, kikubwa na kidogo. Akaniuliza hicho kidogo ni cha mtoto mwenye urefu gani. Nikainua mkono hadi kiunoni, nikaushusha, nikaupandisha tena. Alinitazama akaweka penseli sikioni, akasema atakifanya kirefu kidogo, maana watoto hawangoji mbao. Vitanda vyote viwili vimeshafika. Hicho kidogo kipo chini ya dirisha, na tangu kije sijakitandika.

Sasa nakuja kwenye lile unalolingoja. Kaa chini kwanza.

Uliandika kwamba Kidoti ameanza kuwa mwongo. Kwamba anawaambia wenzake shuleni kuwa baba yake ni mtu mrefu sana, anayepikia watu arobaini kwa mkono mmoja, na kwamba kuna mjomba wake anayemfahamu na aliyemletea habari zake. Kwamba mwalimu alikuita, na wewe ukamweka chini ukamwambia hakuna mjomba wa namna hiyo, aliyekuja siku ile alikuwa baba yake mwenyewe, na baba yake kwa ufupi wake anajulikana ukoo mzima. Naye akakukatalia machoni, akalia, akasema yule alikuwa mjomba. Kwamba shemeji alimnyima kwenda kucheza wiki nzima. Na kwamba bado, mkipita stendi, anawauliza madereva kama barabara imekwisha.

Dada, mtoto hakusema uongo. Aliambiwa. Aliyemwambia ni mimi.

Unaikumbuka siku ile, yapata miaka mitatu sasa, uliporudi kutoka ukweni ukakuta kifurushi cha nguo na mimi sipo. Uliniandikia barua ya kunigombeza, nami nikajibu kwamba lori lilikuwa linanisubiri. Nilipofika nilimkuta jirani yako, yule aliyekuwa bado mgeni pale, anakuangalizia Kidoti na kitinda mimba wako. Nikajitambulisha kuwa mimi ni mdogo wake mwenye nyumba. Basi yeye, kwa nia njema kabisa, akawaita watoto wote wawili akawaambia wamsalimie mjomba wao. Wakaja. Wote wawili wakaniita mjomba. Na mimi, dada, nikaitikia.

Nilidhani nitarekebisha baada ya kunywa maji. Kidoti aliniletea maji mwenyewe, ameshika kikombe kwa mikono miwili, hatua moja moja asimwage. Alikuwa na miaka mitano na nilikuwa sijamwona tangu ana miwili. Kile kidoti chake cha shavuni kilikuwa palepale kilipokuwa cha mama yake. Alikaa juu ya begi langu akaniuliza ninatoka wapi. Nikasema barabarani. Akasogea karibu, akashusha sauti kana kwamba ni siri yetu, akaniuliza kama huko barabarani namfahamu baba yake, kwa sababu naye yuko huko, anapika.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mtoto atakayenikimbia. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa mtoto atakayenichukia. Kwa huyu sikujiandaa. Nikasema namfahamu. Akauliza yukoje. Nikasema ni mrefu. Sijui kwa nini nilisema mrefu, pengine kwa sababu nilitaka awe na baba wa maana. Akataka kujua kama anapika vizuri, nikatia chumvi mpaka yeye akacheka. Mwisho akaniuliza atakuja lini. Nikamwambia atakuja barabara ikiisha.

Kisha nikaondoka. Hakukuwa na lori lolote. Nilikaa stendi kutwa nzima, naogopa usije ukapita ukaniona, nikapanda gari la mwisho.

Na kwa kuwa leo nasema, niseme yote. Mara tatu nimekuandikia kwamba msimamizi amenikatalia ruhusa. Msimamizi yule hakunikatalia hata siku moja. Mara ya mwisho alinitafutia hadi nafasi kwenye gari lao, mimi nikamwambia nyumbani hakuna mtu. Mke wangu alipofariki nilishindwa kumtazama mtoto bila kumwona mama yake, nikakuachia wewe nikasema ni kwa mwaka mmoja. Baadaye si huzuni tena iliyonizuia, ni aibu. Ile barabara yenyewe imekwisha tangu mwaka jana, na mwanangu anawauliza madereva.

Nimeona aibu nyingi maishani, lakini kumfikiria amefungiwa ndani, anasikia wenzake wanacheza uani, kwa kosa langu, hiyo sijui niiweke wapi. Unigombeze mimi. Shemeji naye anigombeze, ninastahili na ninasubiri. Ila yeye nakuomba umwite leo hii, kabla hujafanya lolote lingine, umwambie kwamba alisema kweli na kwamba nyote mnamwomba radhi. Zaidi ya hapo usimweleze. Hayo mengine ni ya kinywa changu.

Nakuja Jumamosi hii. Muuguzi wa lishe amenipa siku kumi, na aliposikia ninakwenda kufanya nini alinipa bila kuuliza swali la pili. Sitakuja kumchukua, dada. Najua uliandika kwa kujikaza, na najua wewe ndiye mama anayemjua. Sina haki ya kufika na begi na kuondoka naye kama mzigo. Nitakuja kukaa, kama utanipokea. Nitampikia. Nitamwambia aliyemjibu siku ile alikuwa nani. Baada ya hapo tutamsikiliza yeye. Akitaka kuja kuishi nami, kitanda kipo. Akitaka kubaki kwako, bado kitanda kipo, kitakuwa cha likizo.

Nisalimie shemeji, mwambie goti alitunze, atalihitaji kunifukuzia. Nisalimie kitinda mimba na kaka zake. Jirani yako naye msalimie sana, hana kosa lolote. Wewe nakushukuru kwa miaka hii yote, na najua shukrani haitoshi.

Kidoti mwambie baba yake anakuja Jumamosi. Nikishuka kwenye gari, akinitazama akasema mimi ni mjomba, tafadhali usimsahihishe. Nitachuchumaa pale pale stendi nimsahihishe mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye,

Baba yake Kidoti