Sauti Kabatini mwa Zagabe

Cimpunda, Bukavu
14 Machi 1999

Mpendwa mdogo wangu Georgette,

Nakusalimu sana, wewe na shemeji Patrice. Afya iko namna gani? Na baridi ya Liège? Mke wangu Carine aliona picha yenu akasema umenenepa. Mimi nilikutetea, nikasema ni makoti.

Sisi tunapumua. Mgongo wangu unauma, na wanafunzi wangu wa hesabu wanasema unauma kwa sababu ya uvivu.

Nakuandikia juu ya Maman. Unajua kwamba tangu ndugu yetu Zagabe aende Kalehe Agosti iliyopita kupiga gitaa kwenye harusi, hakuna aliyemwona tena. Aliazima gitaa la kwaya, lake akaliacha hapa pamoja na ampli yake ya kukuzia sauti. Maman alikuwa karibu kuacha kula.

Basi mimi, mwenye vidole kama ndizi, nikataka kumpigia nyimbo za Zagabe kidogo. Lakini sauti ya ampli ile inanona tu ukiifungua sana, na ukiifungua sana askari wa pale barabarani watakuja kuichukua. Ukiipunguza, inalia kama mbu ndani ya chupa.

Nilihangaika wiki tatu. Mwishowe nikapandisha butoni ya kwanza, ya nguvu, karibu hadi mwisho, ya pili, ya sauti, nikaishusha chini kabisa, nikaongeza besi. Kisha nikajifungia chumbani mwa Zagabe, nikaiingiza ampli kabatini mwake, katikati ya makoti yake, mlango wazi kiasi cha kiganja. Georgette, ikatoka sauti nene, ya joto, ndogo kama ya mtu anayeongea chumba cha pili. Ilikuwa ya Zagabe. Niliacha kupiga, nikageuka kuangalia nyuma yangu.

Siku ile Maman alimaliza bugali yake. Kesho yake akapakua sahani ya pili, akaifunika, akaiweka mlangoni pa chumba cha Zagabe. Nakosea noti kila mara, naye hasikii makosa. Sijamwambia kwamba ni mimi.

Sasa tonton Théodore na wazee wengine wa ukoo wanataka tumalize matanga baada ya Pasaka, nguo zigawanywe kama ilivyo desturi. Wana haki. Tonton anataka lile koti zito la kijivu. Nililitoa hilo moja tu, nijaribu kupiga, na yule mbu wa chupa akarudi. Maman akaja akasimama mlangoni, akauliza: "Bamemupeleka wapi?" Nikalirudisha mbio.

Tonton nimemwambia ufunguo wa kabati umepotea. Uko mfukoni mwangu ninapokuandikia. Wewe ndiye uliyemfuata Zagabe kuzaliwa: niambie, nifungue au niache?

Carine anakusalimu, tonton pia, pamoja na koti lake ambalo hajalipata. Maman anakusalimu sana. Jana aliniita kando, akanong'ona: "Umwambie mudogo yako apige polepole. Batamusikia."

Basi ampli nimeishusha tena kidogo.

Mungu awafunike huko mliko.

Kaka yako akupendaye, hata kwa vidole hivi,
Barthélemy