Laptop Nyepesi na Hotuba ya Mzee Karoli

Ijumaa. Mvua imenyesha Kicukiro kutwa nzima, na mimi nimeshinda nimenuna.

Niseme ukweli: laptop hii niliinunua kwa sababu ya mgongo. Ninahariri video za harusi, na kupanda vilima vya Kigali kwa pikipiki huku nimebeba ile ya zamani kulikuwa kunanizeesha. Muuzaji wa Remera aliinyanyua hii mpya kwa vidole viwili tu. Kizuri chajiuza. Sikuuliza kama inaiweza kazi.

Barua inaziweza. Muziki inauweza. Ikiona video ya kamera tatu, inaanza kuvuma na kuchemka hadi ningeweza kupashia chai.

Leo nilimwahidi Mama Aline kumwonyesha video ya gusaba, ile sherehe ya posa ya binti yake. Aline anaondoka Jumapili kumfuata mumewe Kanada, na anataka kwenda nayo. Nikiharibu hapa, ukoo ule mzima hauniiti tena, na ni ukoo wenye mabinti wengi.

Sebule ilijaa. Mbele kabisa aliketi Mzee Karoli, baba mdogo wa Aline, aliyekuwa msemaji wa familia siku ile. Kila mtu alijua amekuja kujitazama.

Hotuba yake ikafika. Kwenye picha mzee akainuka, akafungua mdomo, na kompyuta ikaganda. Mdomo wazi, kidole juu.

Nikabonyeza kila kitu. Nikaipepea kwa gazeti. Nikasali.

"Mwana wangu, imekufa?" Mama Aline akauliza.

"Inapumzika, Mama."

Mzee Karoli akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Hakuna shida. Mimi iko hapa."

Akaitoa hotuba yote upya. Akaongeza mababu wawili na ng'ombe ambao siku ile sikuwaona. Akawatania wakwe ingawa hawakuwepo. Watu wakacheka hadi wakashika mbavu, kisha alipomuaga Aline, Aline akalia, nami nikalia naye. Ilikuwa nzuri kuliko ile ya kwanza. Na kompyuta ilikuwa bado imeganda.

Alipoketi, akanigeukia akiwa na furaha tele. "Umeona? Ile ya zamani utoe. Weka hii ya leo."

"Yego, yego!" wakaitikia wote. "Ndiyo, hii ndiyo yenyewe!"

Hakuna aliyerekodi.

Hata simu zilikuwa mifukoni, kwa heshima ya mzee. Ilibidi niwaambie.

Basi, laptop nyepesi inatosha kwa kazi inayomlisha mtu? Hii yangu haijapunguza kazi hata kidogo, imeniongezea. Kesho Mzee Karoli anakuja kwangu na suti yake, airudie mbele ya kamera. Nimemwomba kwa adabu zote aifupishe.

Ameniambia nisijali, atakuja mapema.