Chakula Tulichobakiza Mombasa

Mjukuu wangu Mwajuma,

Huku Kilole tu wazima, ila babu yako goti linamsumbua. Umeniuliza kama mtakuwa mzigo kwa rafiki yako Nairobi, wewe na mumeo na watoto wawili. Hofu hiyo naijua.

Nilipokuwa msichana, baba alitupeleka Mombasa kutembea, tukafikia kwa rafiki yake aliyefanya naye kazi kwenye mkonge hapa Korogwe. Njia nzima mama alitusihi tusimalize chakula, maana kwetu Uzigua mgeni huwabakizia watoto wa nyumba. Tulipofika, watoto wa nyumba hiyo hatukuwaona, mama akadhani wako kwa bibi yao. Tukabakiza kila mlo, nami nikiogopa hata kuomba maji. Mke wa mwenyeji, Bi Zuhura, akazidi kupika na kuzidi kuzitazama sahani zilizorudi jikoni.

Siku ya pili akamuuliza mama, "Dada, chakula changu kina kasoro gani?"

"Kizuri sana. Tunawabakizia watoto."

"Watoto gani?"

Hakuwa amejaliwa mtoto. Mama akakosa pa kuficha uso. Bi Zuhura akatuvuta mimi na kaka yangu, akatuwekea bakuli la wali katikati.

"Watoto si ndio hawa," akasema. "Kuleni."

Ngome tuliyokwenda kuiona siikumbuki vizuri. Namkumbuka yeye, alivyokaa akitutazama mpaka bakuli likabaki tupu.

Umesema rafiki yako ameshakuuliza mara tatu watoto wanapenda kula nini. Naye anaogopa, mjukuu wangu. Mkifika, kuleni.

Bibi yako,
Mwanahawa