Kidole cha Ritah

Busia, 3 Machi 2025

Babu mpendwa,

Umeamkaje? Na goti linasemaje na mvua hizi? Mimi mzima, ila wa mwili tu.

Daktari Teopista ametuanzishia somo la upasuaji wa kurekebisha ngozi na viungo, nami nimeupenda kuliko yote niliyosoma. Tunajifunza kushona kwa miguu ya nguruwe. Mwezi ujao kuna kambi ya watoto wenye midomo iliyopasuka, na mwanafunzi mmoja tu ataingia chumba cha upasuaji.

Huyo mmoja atakuwa Ritah Ikiring, na jambo hilo linaninyima chakula. Anashona kama anayesuka nywele. Jana Daktari aliinua kazi yake darasa zima lione. Yangu aliigusa kwa kalamu: "Akello, huyu nguruwe alikukosea nini?" Ritah ndiye aliyecheka kwanza.

Lakini nimegundua jambo. Mkono wake wa kushoto una makovu ya moto, na kidole cha mwisho hakinyooki. Huuficha ndani ya glavu. Nimwambie Daktari? Wewe uliyekuwa tabibu wa zahanati unajua.

Mjukuu wako,
Akello

Osukuru, 9 Machi 2025

Mjukuu wangu Akello,

Goti linatangaza mvua kabla ya redio, mengine salama. Engole wa bodaboda alikaa na barua yako siku nne, eti aliisahau mfukoni mwa koti.

Kwanza nikueleze, maana bila kueleza siwezi. Kidonda cha moto hupona kwa kujivuta. Umeona ngozi mbichi ya mbuzi ikianikwa bila kuwambwa? Hujikunja. Ndiyo maana vidole vilivyoungua hunyooshwa, vikafungwa bendeji kimoja kimoja.

Mwaka 2007 mama mmoja aliniletea binti wa miaka minne aliyetumbukiza mkono kwenye uji wa moto. Foleni ilikuwa ndefu. Nilivifunga vidole vyote pamoja, kama ngumi, nikamwambia arudi baada ya wiki mbili. Akarudi vimeshikana. Madaktari wa mbali walimpasua mara tatu kuvitenganisha. Kimoja kikakataa kunyooka. Jina lake niliandika mwenyewe kwenye kitabu cha wagonjwa: Ritah Ikiring.

Wivu naujua. Nilimwonea wivu kila daktari aliyeweza kutengeneza nilichoharibu. Lakini usiseme, mama. Kidole hicho ni kazi ya mikono yangu.

Babu yako,
Fabiano

Busia, 12 Machi 2025

Babu,

Salamu. Barua yako imenikuta nimekwisha sema.

Nilisema juzi, Jumatatu. Daktari alimwita Ritah mbele yetu, akamwambia avue glavu. Akavua. "Kidole hiki kinakuzuia wapi?" Ritah akasema, "Kwenye kuvaa glavu tu, Daktari. Kinakwama." Akashika sindano, akashona mbele ya wote. Ndiye aliyechaguliwa.

Nje aliniambia, "Akello, ungeniuliza tu ningekuonyesha." Afadhali angenitukana.

Leo nilipopata barua yako nilimpa aisome. Alipomaliza akauliza, "Huyu mzee yuko hai? Nakumbuka mtu aliyenipulizia mkono usiume." Anasema uje Ijumaa kwenye mazoezi, umvalishe glavu. Kidole kimoja kimoja.

Na Babu, bado nina wivu. Sasa namwonea wivu hata kwa yale makovu.

Mjukuu wako,
Akello

Osukuru, 13 Machi 2025

Akello wangu,

Natumaini umeanza kula. Barua yangu uliionyesha bila ruhusa, na umefanya vema kuliko mimi niliyenyamaza miaka kumi na minane.

Kesho Engole atanileta. Nimemwambia asinisahau mfukoni. Wewe keti karibu, utazame mikono ya Ritah, usimtazame usoni. Wivu hauishi kwa kukemewa. Upe kazi: mwombe akufundishe kushona. Kisha uniletee huyo nguruwe, nimuulize mwenyewe alikukosea nini.

Nimeshakata kucha, zisije zikatoboa glavu.

Babu yako,
Fabiano