Kipande cha Katikati

Jumatano usiku, Kilole

Yaani sifuri. Insha nzima imekatwa kwa wino mwekundu, na chini Madamu wa Kiingereza ameandika: maneno haya umeyatoa wapi?

Kwenye riwaya tunayosoma darasani! Ningeyatoa wapi tena? Darasa zima tulikuwa na nakala moja, tukaichana vipande vitatu ili kila kundi lisome. Mimi nina cha katikati. Cha mwisho kililowa mvua kikaoza. Cha kwanza, chenye jalada na jina la mwandishi, alibaki nacho Zaina, naye ameacha shule, anachuma chai kwao Dindira.

Nilimfuata Madamu ofisini, nikamwambia jalada sina, kwa hiyo majina ya kitabu na mwandishi siyajui.

"Na kwenye mtihani wa taifa utamwambia nani kwamba huna?"

Misamiati yote migumu ya kipande changu nimeikariri. Inanisaidia nini?

Jioni mama, akichambua mchicha, aliniuliza hiyo hadithi inahusu nini. Nikamweleza kuna mwanamke amefungiwa nje na mumewe, na mvua inanyesha.

"Akafunguliwa?"

"Sijui, mama."

Akaacha mchicha, akaniangalia.

"Mwanangu, hivi huko shule huwa unafika kweli?"