Bia ya Shayiri Iliyoungua

Shoga, uko? Nimejifungia stoo ya kiwanda, wageni bado wako nje.

Mume wangu kawahutubia historia. Eti bia yetu nyeusi, ile iliyotutoa kwenye sufuria ya jikoni mpaka matangi haya makubwa, aliibuni yeye kwa "utafiti wa miaka mitatu".

Utafiti! Si ulikuwepo? Niliunguza shayiri nikinyonyesha, nikaipika hivyohivyo kwa kuogopa maneno yake!

Mama mkwe akanigeukia: "Umebahatika, mwanangu. Mume ana akili."

Nikafanya nini? Nikapiga makofi. Mimi!

Sasa hivi kanifuata huku, ananong'ona mlangoni: "Mke wangu, kesho niunguzie tena. Mimi nikiunguza haitoki vile."

Nikajibu: "Haya."

Shoga, nimemjibu "haya"!