Mbabula Chini ya Gari

Hokkaido, Japani, tarehe 10 Januari 1999

Kwako Papa mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama Julie, na kwamba mgongo wako umetulia. Mimi ni mzima, ila vidole vinakataa kushika kalamu, kwa hiyo uvumilie mwandiko.

Hujanijibu tangu nilipoingia utawani, miaka minne sasa. Mama ananiletea habari kupitia Padre Théophile wa parokia yenu, na kila mara anaandika, "Baba yako anakusalimia," nami najua kabisa kwamba hukunisalimia. Leo sikuandikii kukugombeza. Nina swali la gari, na mtu mwingine wa kumwuliza sina.

Muumini mmoja wa hapa ametupa gari jipya, la aina ambayo hujapata kuiona. Lina mashine ya petroli kama gari lolote, na lina pia mota ya umeme na betri kubwa nyuma ya kiti. Ukisimama kwenye taa za barabarani, mashine inajizima yenyewe. Ukiondoka polepole, umeme ndio unaolisukuma, kimya, hadi watu wanashtuka. Ukikanyaga breki, umeme kidogo unarudi kwenye betri. Mimi ndiye dereva wa nyumba yetu, maana nilikulia chini ya magari yako kwenye karakana ya Panda, huko Likasi. Kazi yangu ni kuwapelekea wazee wagonjwa chakula na komunyo vijijini.

Mwezi wa kumi gari hili lilikuwa linaonja tu petroli. Tangu theluji ianze, linakunywa mpaka aibu. Masista wanasema nina mguu mzito kwenye mafuta. Mama Mkuu wetu, Sista Hélène, ambaye ni Mbelgiji, anasema hali ikiendelea hivi atapunguza safari za wazee mpaka theluji iishe. Papa, mguu wangu unaujua wewe uliyeufundisha. Shida iko wapi?

Jambo la pili nalisema mara moja tu. Tarehe kumi na tano ya mwezi wa nane ninatarajia kuweka nadhiri za daima. Katika shirika letu mzazi ndiye anayemtoa mtoto wake mbele ya watu. Akiwa mbali anaandika maneno yake, yanasomwa kanisani. Sista Hélène anasema naweza kuendelea hata bila maneno hayo. Mimi sitaki. Sitasimama pale peke yangu wakati nina baba. Neno lako lisipokuja, nitaomba nadhiri zangu ziahirishwe.

Mimi binti yako,
Martine

Likasi, Kongo, tarehe 27 Februari 1999

Martine,

Barua imefika kwa mkono wa Padre. Sisi tu wazima, mgongo ni uleule. Natumaini nawe u mzima.

Sikuwa na nia ya kujibu. Mama yako aliniwekea kalamu kando ya sahani ya bukari, ugali ukiwa bado wa moto, akasimama na mikono kiunoni: "Weye Damas, mutoto anakuuliza mambo ya motokari, na weye unamunyamazia? Motokari ilikukosea nini?" Nilikula bukari ikiwa imepoa. Kwa hiyo nakujibu habari ya gari, basi.

Hakuna mashine inayopenda baridi. Oili inakuwa nzito, petroli haiwaki vizuri, mashine inaomba kula zaidi mpaka ipate joto. Umesahau mwezi wa saba hapa Panda, tunavyopumua moshi alfajiri? Kabla ya malori kwenda machimboni Kambove tulikuwa tunaweka mbabula, jiko letu la makaa, yenye makala mekundu chini ya kila lori, pale tumboni oili inapolala. Sisi tunakunywa chai, na chai ikiisha lori linawaka mara moja. Fanya hivyo. Mbabula ndogo, makala yaliyokwisha kushika, bila ndimi za moto.

Habari ya mashine kujizima njiani nilimweleza Édouard, yule tuliyefanya naye kazi gereji. Alicheka mpaka akakohoa. "Haiwezekane! Mashine inazima mu njia, na motokari inaendelea? Huyu mutoto banamudanganya." Mimi pia nadhani wanakudanganya.

Huku malori hayaendi tena popote. Karakana kimya, mshahara umekuwa hadithi, watu wanalima mahindi hadi kando ya reli. Mimi na Édouard tumesimamisha bati kandokando ya barabara, tunatengeneza kinacholetwa, hasa baiskeli.

Kuhusu lile jambo lako la pili, sina la kusema. Wadogo zako wawili niliwazika. Ulibaki wewe. Mtu hatoi alichobakiwa nacho.

Ni mimi baba yako,
Damas

Hokkaido, tarehe 26 Machi 1999

Papa wangu mpendwa,

Shikamoo nyingi, na asante kwa barua. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Habari za mgongo? Mwambie mama nimecheka sana kuhusu bukari.

Sasa ukae chini. Nilifanya ulivyoniambia.

Jirani yetu, bibi mmoja mzee, ana jiko dogo la udongo la kuchomea samaki. Nikaliazima, nikawasha makala nje kwenye theluji mpaka yakashika, nikalisukuma chini ya gari, nikaenda kusali masifu ya asubuhi. Katikati ya zaburi tukasikia king'ora. Kumbe magari ya siku hizi yamefunikwa chini kwa plastiki. Ile plastiki iliyeyuka, ikaanza kudondoka juu ya makala, moshi mweusi ukapanda hadi dirisha la kanisa, na yule bibi akawaita zimamoto. Nilikimbia nikalivuta jiko kwa mkono. Kiganja kimeungua kidogo, kinapona, usiwe na wasiwasi. Fundi alisema bomba la petroli halikuwa mbali.

Sista Hélène alininyang'anya ufunguo mbele ya zimamoto wote. Akaniuliza, "Nani alikufundisha wazimu huu?" Nikasema, baba yangu. Akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Kumbe anakuandikia?" Nikamwambia ndiyo, ananiandikia. Papa, pamoja na kiganja kile, nililala na furaha.

Fundi alinieleza shida ilipo. Mguu wangu hauna hatia. Kwanza, gari hili linaokoa petroli kwa kuzima mashine, na kwenye baridi mashine haikubali kuzimika mpaka ipate joto. Pili, joto la kutupasha sisi ndani linatoka kwenye mashine hiyohiyo. Nikiwasha joto, mashine inabidi izunguke hata tukiwa tumesimama, kwa ajili ya miguu yetu tu. Tatu, betri nayo ikipoa inakuwa mvivu, haitoi umeme vizuri na haipokei vizuri ule wa breki. Nami safari zangu ni fupifupi. Nafika kwa mzee, nakaa naye, gari linapoa, narudi nyumbani, naanza upya. Kwa hiyo Édouard anadanganyika yeye, mashine kweli inajizima. Ila sasa haijizimi, na ndiyo taabu yenyewe.

Nijibu, Papa, hata kama ni kunicheka.

Binti yako,
Martine

Hokkaido, tarehe 23 Mei 1999

Papa mpendwa,

Salamu tena. Hujambo? Mama hajambo? Sijapata neno kutoka kwenu tangu ile habari ya moto, na hata Padre Théophile haandiki. Redio inasema mambo ya vita ya huko kwetu kila siku, nami naogopa.

Theluji imeisha. Sikubadilisha chochote kwenye uendeshaji wangu, na gari limerudi kuonja petroli kama zamani. Masista wameona wenyewe, na mmoja ameniomba radhi kwa habari ya mguu. Ufunguo nimerudishiwa. Majira ya baridi yatarudi, na safari za wazee bado ziko mashakani, lakini hilo ni la baadaye.

Mwisho wa mwezi wa saba lazima nimjibu Sista Hélène kuhusu nadhiri. Kama umekasirika kwa sababu ya moto, nisamehe. Kama ni kwa sababu ya lile lingine, sitakulazimisha. Nitaomba ziahirishwe, nitangoja.

Mwanao,
Martine

Likasi, tarehe 1 Julai 1999

Mwanangu Martine,

Salamu kwako, na kwa kiganja chako. Kimepona? Unaweza kukunja vidole vyote? Uniandikie hilo kwanza kabla ya kitu kingine. Sisi wote tu wazima, vita haijatugusa, usiogope. Padre alikuwa mgonjwa, amepona.

Barua ya moto ilifika muda mrefu uliopita. Mama yako ndiye aliyeisoma kwa sauti, na alipofika kwenye bomba la petroli akaacha kusoma. Niliondoka nikaenda kwa miguu hata sijui wapi. Nilikuwa nawaambia watu miaka yote hii kwamba mtoto wangu nimempoteza, watawa wamemchukua, yamekwisha. Mtu aliyekwisha kumpoteza mtoto hatembei hovyo namna ile. Kila nikitaka kuandika naona ule moshi, naweka kalamu chini. Mama yako alivumilia, mwisho akaniambia: "Ulikatala kumutoa kwa Mungu, halafu ukamutumia makala. Sasa unataka nini?" Nikaichukua kalamu.

Haya, gari. Nimelifikiria usiku na mchana, hata Édouard amekubali, anasema mashine ya namna hiyo anataka kuiona kabla ya kufa. Usiweke moto tena, sikia! Tulikosea kutafuta joto la nje, wakati mashine inalo lake na upepo ndio unaliiba. Kata kartoni, ufunike nusu ya tundu la mbele, pale upepo unapoingilia. Malori ya Kambove tulikuwa tunayafanyia hivyo tukiwa hatuna makala. Tazama sindano ya joto, ikipanda kupita kawaida uiondoe hiyo kartoni mara moja, na baridi ikiisha usiisahau. Usirudi nyumbani baada ya kila mzee, wapitie wote kwa mzunguko mmoja, mashine ikiwa bado ya moto. Angalia upepo wa matairi, kwenye baridi unapungua. Ndani ya gari vaeni mablanketi, mpunguze lile joto la miguu. Nadhani Sista Hélène hatapunguza safari hizo ukifanya haya yote, na wewe unajua kuyafanya.

Huku pia ni baridi sasa. Asubuhi hii bati letu lilikuwa jeupe kwa umande ulioganda. Lakini lori moja limepita, limebeba mahindi, dereva akasimama tumtengenezee. Lori, Martine, si baiskeli. Édouard aliimba siku nzima.

Sasa maneno ya kanisani. Nimejaribu Kifaransa, yakawa ya mtu mwingine. Nimejaribu Kiswahili cha vitabu, mama yako akalala. Nimeandika tunavyosema nyumbani. Najua hapo hakuna anayeyaelewa, kwa hiyo itabidi uyasome wewe mwenyewe kisha uwageuzie kwa lugha yao. Usome kwa nguvu. Padre anavuka mpaka kesho kwenda Ndola, Zambia, ataiposti huko, itakuwahi.

"Minye Damas, papa ya Martine, niko muzima, niko Likasi. Huyu mutoto ni wangu na wa Julie. Banatuuliza kama tunamutoa. Nilikatala miaka mine. Leo nimeitika, na roho yangu yote. Mumupe kazi, hapana mumuonee. Akikosa, mumuambie, anasikiaka. Na muntu hapa asiseme iko peke yake: Martine iko na kwabo."

Papa yako anayekupenda,
Damas